Mesure Nne za Henri

Siku ya kwanza Mama Émilienne, mshonaji na kiongozi wa kwaya yetu, alipoijaribu programu mpya kwenye kompyuta yangu, aliipiga kofi. Aliinua mkono ule ule unaoshika makasi tangu asubuhi, akaushusha juu ya kioo, na bata wa jirani waliokuwa wamejilalia chini ya cherehani wakatawanyika. Nilimdaka mkono kabla hajaongeza la pili, maana kompyuta ile si ya serikali wala ya parokia. Ni yangu mimi Josiane, mwalimu wa shule, mwimbaji wa alto, na nina hasira zangu pia.

“Nimefinya d,” akasema. “Angalia mwenyewe. Imeandika nini?”

“Ré, Mama.”

“Nilitaka do.”

“Hii programu inafuata herufi za Waingereza. Kwao C njo do. D njo ré.”

“Waingereza wanaimba mu kwaya yetu?”

Katika kwaya za kwetu, tangu enzi za mapadri wenye ndevu, wimbo huandikwa kwa herufi: d ni do, r ni ré, m ni mi, na nukta mbili mbili katikati kuonyesha mapigo. Hakuna mistari mitano, hakuna vichwa vyeusi vyenye mikia. Mtu akiwa na kaye, yaani daftari, na kalamu, amemaliza. Mama Émilienne ameandika hivyo miaka arobaini. Miaka kumi iliyopita nilimfundisha kupiga herufi hizo hizo kwenye programu ya kawaida ya barua, akaijua kwa juma moja, na juma la pili akaanza kunikosoa. Sasa ana miaka sitini na mmoja, na ameletewa programu mpya ambayo d yake si do. Alikuwa na haki ya kupiga kofi, ila si kompyuta yangu.

Sisi tuko Alunguli; mtu wa kupigwa alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa mjini, ofisini kwake. Jina lake Prof Didier.

Huyu Didier alisoma muziki Kinshasa miaka mitatu, akarudi Kindu na viatu vyenye ncha na neno “niveau”, yaani kiwango, mdomoni. Komisio ya Nyimbo ilipoamua kuchapa kitabu kikubwa cha nyimbo za Maniema, yeye ndiye aliyepewa usimamizi. Akatangaza kwamba herufi zimekwisha, kila wimbo utaandikwa kwa mistari mitano kwenye programu mpya. Hapo sina ugomvi naye. Vijana wetu wanapaswa kusoma nota kama wenzao. Ugomvi ulianza siku alipotuletea karatasi ya mfano, na wimbo aliouchagua kuwa mfano ulikuwa “Tuvushe”.

“Tuvushe” ni wimbo wa Henri Wabenga, mume wa Mama Émilienne, na hakuna mtu Alunguli asiyeujua. Una mesure ishirini na nne, yaani vipande ishirini na vinne vya mapigo. Wanawake wanaimba zote. Wanaume, yaani sauti za tena na besi, wanakoma kwenye ya ishirini, na zile nne za mwisho wanawake wanabaki peke yao. Kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, tukifika hapo kanisa zima linainamisha vichwa, na Mama Émilienne anasimama na kusema maneno yale yale: “Hapa njo walimukamata.” Kwa maana Henri aliandika wimbo huo wakati wa vita, na alikamatwa kabla hajaumaliza. Hivyo ndivyo tulivyojua sote.

Prof Didier alikuwa ameumaliza. Zile mesure nne za wanaume alizijaza kwa nota zake mwenyewe, na juu ya karatasi akaandika: Henri Wabenga na Didier Kalonda.

“Pengo ile haionekani muzuri, Mama,” alieleza. “Wasomaji watazania ni kosa ya mashine ya kuchapa.”

Mama Émilienne hakupiga kelele. Aliikunja karatasi mara mbili, akamrudishia mkononi.

“Bwana yangu hana kaburi,” akamwambia. “Ile fasi ya kunyamaza njo kaburi yake. Na wewe umejenga nyumba juu yake. Bomoa.”

Prof alikohoa. Akasema sawa, anaheshimu uchungu wa mjane, lakini Komisio haipokei tena karatasi za herufi. Kama familia inataka wimbo utoke jinsi Henri alivyouacha, familia ilete faili lake kwenye programu mpya, sauti zote nne, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Lisipofika, kitabu kitakwenda mtamboni na wimbo kama alivyoutengeneza yeye. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Alijua vizuri kwamba mshonaji wa Alunguli hajawahi kuiona programu hiyo, na ndiyo sababu alisema kwa upole vile. Upole wa namna hiyo unanipandisha damu kuliko matusi.

Nilimwambia Mama Émilienne kwamba nitamwandikia faili mimi, kazi ya siku moja. Aliniangalia kama nimemwambia nitamwogesha.

“Nota za Henri zinapita mu mikono yangu,” akasema. “Wewe utanionyesha tu fasi ya kufinya.”

Lazima niseme habari ya vita, ingawa nachukia kuisema. Mwaka 2002 mto ulifungwa. Mjini walishika watu wa bunduki wa namna moja, misituni nyuma ya Alunguli walikuwa wa namna nyingine, na sisi tulikuwa zile nyasi ambazo tembo wakipigana ndizo zinazoumia. Henri alikuwa karani wa reli, upande wa mjini. Treni haikuwa imefika kwa muda mrefu, lakini aliamriwa akae alinde makaratasi. Mke wake alikuwa Alunguli na cherehani yake. Siku moja amri ikatoka: hakuna kuvuka. Mtu na mkewe wakawa wanaangaliana juu ya maji miezi saba, kila mmoja akiona moshi wa jiko la mwenzake asijue anapika nini.

Aliyeruhusiwa kuvuka ni Zuberi, mpiga kasia, kwa sababu askari walihitaji mtu wa kuwaletea kuni na kwanga, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majani. Zuberi ni Mwislamu wa sala tano, na mpaka leo hajui do wala ré, lakini ndiye aliyeubeba wimbo. Henri aliandika nyuma ya fomu za reli, Zuberi akazisokota ndani ya majani ya kwanga. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya wanawake. Mama Émilienne alitufundisha barazani kwake kwa sauti ya chini, nami nilikuwa na miaka kumi na minne, mdogo kuliko wote. Karatasi ya pili, ya wanaume, ilifika majuma matatu baadaye. Ikawekwa tu, kwa kuwa wanaume wenyewe hawakuwepo. Wengine walikuwa porini, wengine wamekimbilia Pangi na Kampene.

Siku nne baada ya hapo, Henri alisimamishwa kivukoni akiwa na karatasi nyingine mfukoni. Zuberi aliona yote akiwa ndani ya mtumbwi. Askari aliifungua ile karatasi, akaona herufi, nukta na vistari.

“Hii njo maandiko ya siri,” akasema. “Unawaandikia adui.”

Henri akasema ni wimbo.

“Basi imba.”

Henri akaimba, pale kwenye matope, mikono juu ya kichwa. Zuberi anasema aliimba vizuri. Askari walicheka, mmoja wao akapiga makofi, kisha wakamchukua, na hakuna mtu aliyemwona tena. Mtu auawe kwa sababu ya d na m! Na waliofanya hivyo wengine bado wanapita njiani, wananunua sabuni, wanasalimia.

Amani ilipofika na wanaume wakarudi, Mama Émilienne alitoa ile karatasi akawafundisha. Ilikuwa na mesure ishirini. Ya wanawake ilikuwa na ishirini na nne. Kila mtu akaelewa mara moja: nne zilizopungua zilikuwa mfukoni mwa Henri. Nani angefikiri vingine? Tukaanza wote pamoja, wanaume wakakoma walipokoma, na wimbo ukawa hivyo.

Wimbo ulikuwa na ukali wake. Kuna mahali sauti ziligongana kama sufuria mbili, watu wa tena wako fa na wa sopano wako mi, na mtu mgeni alikuwa akitugeukia kuona nani amekosea. Sisi tulizoea. Prof Didier alituhutubia siku moja kwamba hiyo inaitwa “dissonance”, kwamba Henri aliutia uchungu wa vita ndani ya nota zenyewe, nasi tukatikisa vichwa. Hata maneno tuliyatafutia maana. Wanawake wanaanza, “Tuko ng'ambo hii, tunaita,” na papo hapo wanaume wanaimba, “Tumesikia, tumesikia.” Padri mmoja alihubiri nusu saa nzima juu ya hilo tumesikia: kwamba wanaume wamesikia Neno la Bwana. Tuliitika amina.

Basi Jumatatu ile, baada ya kofi, Mama Émilienne alichukua kaye mpya, akaandika juu yake “Kujifunza”, na kila jioni akaandika alichokipata. Kaye hiyo ninayo hapa, na nainakili kama ilivyo, Jumatatu, Jumanne na Jumatano zikiwa kwa Kifaransa chake.

“Lundi. d si do. s haifanyi kitu. l haifanyi kitu. Nimefinya r kutafuta ré, imenirudilia nota ile ile mara mbili kama kasuku.

“Mardi. Urefu kwanza, nota nyuma. Unachagua namba ya urefu, halafu unafinya herufi. Ni sawa na kushona: unapima, halafu unakata. Hii naielewa. Kwa nini haikusema tangu lundi?

“Mardi tena. Batri imekufa. Sopano mesure kumi na sita zimekufa nayo. Josiane anasema nilipaswa kuhifadhi. Josiane anyamaze.

“Mercredi. Sopano imekwisha. Alto imekwisha. Kitu kimoja kizuri: ukikosea, unafuta, karatasi haichafuki. Kitu kimoja kibaya: hakuna atakayejua kwamba ulikosea.”

Alhamisi alasiri nilileta kompyuta ikiwa imejaa umeme kutoka kwa paneli ya jua ya jirani mwenye duka la dawa. Zilibaki sauti za wanaume. Mama Émilienne aliegemeza ile fomu ya reli ya Henri kwenye cherehani, mwenyewe akavaa miwani, akaanza. Alikuwa amekwisha kuwa mwepesi. Namba, herufi, namba, herufi, macho kwenye karatasi ya mumewe, bila kutazama kioo hata mara moja. Mimi nilikuwa kando nasahihisha makaye ya wanafunzi wangu, na makaye yale yalinitosha kunikasirisha, kwa hiyo sikuangalia. Kama ningeangalia ningemkataza. Siku iliyotangulia alikuwa amerudi kurekebisha nota moja ya alto kwenye mesure ya tano, na kishale kilikuwa kimebaki hapo hapo. Hakukirudisha mwanzo. Sauti ya tena yote aliiandika kuanzia mesure ya tano, na besi akaipanga chini yake, nota chini ya nota, kwa unadhifu wake wa fundi.

“Nimemaliza,” akasema, akafinya kitufe cha kuimbisha.

Wanawake wakaanza, kwa ile sauti ya mashine inayofanana na filimbi ya plastiki. Mesure ya kwanza, ya pili, na wanaume kimya. Niliona kosa, nikanyoosha mkono nizime.

Kisha wanawake wakamaliza, “Tuko ng'ambo hii, tunaita,” na sauti za tena na besi zikaingia. Mashine haina maneno, lakini sisi tuliyasikia: Tumesikia. Tumesikia.

Mkono wangu ulibaki hewani. Hakuna sufuria zilizogongana. Fa ya tena ilikwenda kukaa juu ya fa ya sopano, kila kitu kilikaa mahali pake, sauti zikapishana na kujibizana mesure baada ya mesure, upande huu unaita, upande ule unaitika. Zikafika mesure ya ishirini na nne, sauti zote nne kwa pamoja, juu ya neno “tuvuke”, zikanyamaza.

“Rudilia,” akasema Mama Émilienne.

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu alivua miwani.

“Futa.”

“Mama, umesikia?”

“Nimesikia mashine. Nilikosea fasi ya kuanzia. Futa, weka kama zamani.”

“Sifuti.”

“Josiane!”

“Sifuti, Mama! Nimeimba ule wimbo tangu niko mutoto, masikio inaniuma kila mwaka, nimeambiwa ni uchungu wa vita. Leo kwa mara ya kwanza haikuniuma. Sifuti!”

Sijawahi kumpigia kelele mtu aliyenizidi umri kiasi hicho, na naye alisimama kama atanipiga. Badala yake alishika ile fomu.

“Angalia basi,” akasema. “Angalia! Kama mesure nne ziko mbele, ziko wapi? Karatasi inaanza na nota. Juu yake hakuna kitu.”

Tuliangalia wote wawili. Juu yake hakukuwa na kitu, ila ukingo wa juu haukuwa umenyooka kama kingo nyingine. Ulikuwa na meno madogo madogo, juu chini, juu chini, kutoka pembe hadi pembe. Kwa miaka ishirini na mitatu tumeishika karatasi ile, na kila mmoja wetu ameyaona meno yale. Alunguli nzima kuna makasi mamoja tu ya meno, yale ya kuzuia kitambaa kisifumuke, na yalikuwa juu ya meza mbele yetu.

Mama Émilienne aliinama chini ya meza, akatoa mkebe wa maziwa ya unga anaowekea vipimo vya wateja. Vipimo vya mtu havitupwi, ndivyo anavyosema siku zote. Mteja anaweza kurudi baada ya miaka, na ukimshonea bila kumpima tena anajua unamheshimu. Alimwaga vikaratasi vyote mezani, akavipekua kwa kidole. Kilikuwa karibu chini kabisa. “Soudi. Kanzu ya Idi. Urefu 142, bega 47, mukono 61.” Akakigeuza.

Nyuma yake kulikuwa na mesure nne, mstari wa tena na mstari wa besi, zimechorwa kwa rula na mkono wa karani. Nukta mbili, nafasi, nukta mbili, nafasi. Ndani yake hakuna herufi hata moja. Na yule asiyejua maandishi yetu nimwambie hapa: katika herufi zetu kunyamaza hakuna alama. Mtu wa kunyamaza anaachiwa nafasi tupu, basi. Mama Émilienne aliweka ukingo wa kikaratasi kwenye ukingo wa fomu, na meno yakaingia katika meno.

“Nilizania amechora mistari akabadilisha mawazo,” alisema. “Karatasi ilikuwa shida. Soudi alikuwa anasimama pale mulangoni, nataka kumupima, sina fasi ya kuandika. Nikasema, huyu Henri, vita iko, na yeye anaharibu karatasi. Nikakata.”

Mshonaji huyu hapotezi kitambaa hata cha upana wa kidole. Ndiyo sifa yake, na ndiyo inayowaleta wateja mpaka kutoka ng'ambo. Nilitaka kumwambia hakuna kosa, vita ndiyo yenye kosa. Hakunipa nafasi. Alipiga meza kwa ngumi mpaka vipimo vya watu vikaruka.

“Mupumbavu!” alipaza sauti, na hakuwa akiniambia mimi. “Neno moja! Karani muzima, kazi yake kuandika asubuhi mpaka magaribi, akashindwa kuniandikia neno moja? Ngojeni! Basi! Ngojeni, ningeelewa! Miaka ishirini na mitatu nasimama mbele ya watu nasema hapa njo walimukamata, hapa njo walimukata. Kumbe aliyemukata ni miye!”

Alilia kwa hasira, namna ya kulia ambayo huwezi kumkaribia mtu. Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, “Na ile karatasi ya mufukoni? Kama wimbo ulikuwa umekwisha, ilikuwa ya nini?”

“Sijui, Mama. Pengine wimbo mungine.”

“Basi aliimba nini, pale ku matope?”

Sikujua. Hakuna anayejua. Zuberi alisikia sauti tu, na maneno hakuyashika. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko yote.

Sasa lazima niseme ukweli wa jioni ile, kwa sababu watu wanadhani alichagua mara moja. Faili la zamani lingekuwa tayari kwa dakika kumi: kusogeza wanaume mbele, kuacha pengo mwishoni. Prof Didier angeshindwa, kaburi la Henri lingebaki, tarehe mbili Novemba watu wangeendelea kuinamisha vichwa, na Mama Émilienne angeendelea kuwa mjane wa wimbo uliokatwa. Nilimwambia hivyo, na kwamba siri ni yetu wawili. Alikaa kwenye cherehani, akakanyaga kwa muda mrefu bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka bure. Halafu akarudi mezani.

“Onyesha fasi ya kuandika maneno.”

Nilimwonyesha. Juu ya zile mesure nne tupu za wanaume alifinya herufi moja moja, kubwa zote, kwa kidole kimoja: NGOJENI.

“Sasa mwenye makasi akuje,” akasema.

Ijumaa alasiri tulikuwa na mazoezi. Prof Didier alivuka mto kuja kuchukua faili mwenyewe, nadhani alitaka kuona tumeshindwa. Mama Émilienne alisimama mbele ya kwaya na zile karatasi mbili mkononi, akasema yote bila kuzunguka: wimbo ni mzima, nilikata miye, kwa makasi haya. Akainua makasi watu wayaone.

Hawakufurahi, na mimi nilikasirika kwa kutofurahi kwao, ingawa niliwaelewa. Francine wa sopano alianza kulia. “Sasa tutalilia fasi gani?” aliuliza. Mzee Édouard, besi wa zamani kuliko wote, alikuna kichwa. “Kumbe siku zote tunaingilia wanawake mu maneno yao,” akasema, na wanawake wakamwambia kwamba hilo si habari mpya.

Prof Didier akainua kidole. “Lakini Mama, ile dissonance ya mesure ya tisa...”

“Dissonance yako ilikuwa makasi yangu,” Mama Émilienne akamjibu.

Kwaya nzima ilicheka, ikabidi tusubiri kicheko kiishe. Didier mwenyewe alicheka kidogo, kisha akasogea, akasema kwa ule upole wake kwamba tufikiri vizuri. Utangulizi wa kitabu ameshauandika. Ameeleza habari ya wimbo uliokatwa, inagusa sana, wageni wataipenda. Kubadilisha sasa ni kupoteza hadithi nzuri.

Nilimwona Mama Émilienne akipumua. Nilidhani kofi lile la Jumatatu limepata mwenyewe.

“Prof,” akasema, “wale walimukuta na karatasi, wakamuua. Hawakumukatisha kazi. Umesikia? Alimaliza. Wasipate hiyo pia. Andika pale mu kitabu: Henri Wabenga alimaliza wimbo wake. Andika niko naangalia.”

Didier alitoa kalamu, akaandika kwenye kiganja chake, kwa kuwa hakuwa na karatasi.

Tukasimama kuimba. Sisi wanawake tukaanza, “Tuko ng'ambo hii,” na wanaume, kwa mazoea ya miaka yote, wakaingia papo hapo.

“Ngojeni!”

Tukaanza upya. Wakaingia tena, wawili watatu, na mzee Édouard mbele yao.

“Ngojeni, nimesema! Hamujue kusoma?”

Mara ya tatu alisimama mbele yao hasa, akatugeuzia sisi mgongo, akainua kiganja usoni mwao kama askari wa kizuizi. Tuliimba peke yetu. Mesure moja. Mbili. Niliona vifua vya wanaume vimejaa pumzi na midomo imefungwa, wamemkazia macho. Tatu. Kiganja hakikutikisika. Nne, tunaita. Akakishusha.

“Tumesikia,” wakaimba wanaume. “Tumesikia.”

Mama Émilienne hakuimba pamoja nao. Alikuwa ameshusha mikono yote miwili, na sisi wa alto tulio karibu tulimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida, ya mke aliyekasirika, iliyokuwa na ugomvi wa siku zote ndani yake:

“Umekawia, Henri.”

Kisha akainua mikono tena, akatuongoza mpaka mesure ya ishirini na nne, na hapo hakuna aliyebaki nyuma.